Bedford MW: lori la vita linavyofufuliwa nyuma ya nyumba

Ukisimama mbele ya Bedford MW, kitu cha kwanza kinachokusumbua ni boneti. Ni bapa na pana mno kwa lori dogo kiasi hicho, na ukiifungua unakuta injini haijazi hata nusu ya nafasi. Wahandisi wa Vauxhall hawakukosea vipimo. Jeshi la Uingereza lilitaka filta kubwa ya hewa ya Vokes ikae humo ndani, kwa kuwa lilitarajia kupigana penye vumbi, na bodi ikabidi ifuate filta. Upana huo ndio unaolitambulisha lori hata kwenye picha ya mbali. Kwa anayelifufua leo ni neema: mikono yote miwili inaingia pamoja na spana, upande wowote wa injini, jambo ambalo fundi aliyewahi kubadilisha plagi za gari la kisasa atalionea wivu.

Bedford lilikuwa jina la malori ya Vauxhall ya Luton, kampuni iliyonunuliwa na General Motors ya Marekani mwaka 1925. MW ilianza kutoka kiwandani mwaka 1939 na kuendelea hadi 1945, yapata 66,000 kwa jumla. Kasi ya kuitengeneza iliongezeka baada ya Dunkirk, pale jeshi liliporudi nyumbani mwaka 1940 na kuacha Ufaransa zaidi ya magari 60,000. Mzigo wake rasmi ulikuwa kilo 762 tu. Injini ina silinda sita, valvu juu, ujazo wa sentimita za ujazo 3,519 na nguvu farasi 72. Gia ni nne za mbele, na nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma peke yake. Injini hiyohiyo ilifungwa kwenye malori ya kiraia ya Bedford ya aina ya O na kwenye basi la OB, na ndiyo sababu pistoni na gasketi zake hazijawa hadithi hadi leo. Wasomaji wa umri mkubwa wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa Bedford ni nini. Wengi waliipanda wakiwa juu ya magunia.

Miongoni mwa malori ya vita ya Waingereza, hili ndilo ninaloliona linafaa zaidi kwa mtu mwenye banda la gari na siku za Jumamosi. Urefu wake haufiki mita nne na nusu, upana ni kama mita mbili, na likiwa na mzigo wake rasmi halifiki tani 3.5, hivyo Uingereza linaendeshwa kwa leseni ya kawaida ya gari dogo. Lakini ukubwa ni nusu ya jambo. Nusu nyingine ni kwamba karakana ya nyumbani ina muda mwingi na mitambo michache, na MW ni lori ambalo kazi zake nyingi zinataka muda kuliko mitambo. Anayelifanya vizuri ni yule aliyejua mapema kazi zipi abaki nazo na zipi azipeleke kwa mwenye mashine. Anayeshindwa, kwa kawaida, amenunua mashine ya kuchomelea kabla hajaosha chasisi.

Kabla ya spana kuna msasa. Malori mengi kati ya haya yaliuzwa kwenye minada ya mali za jeshi baada ya vita, Ruddington huko Nottinghamshire ikiwa mojawapo ya iliyovuma, yakaenda mashambani, kwenye viwanja vya maonyesho, na kwenye magereji yalikofungwa winchi ya kuvutia magari mabovu. Kila mwenye lori alipaka rangi yake juu ya ile aliyoikuta. Kwa hiyo fundi anatafuta mahali ambapo jua na mikono havikufika sana: nyuma ya bawaba ya boneti, chini ya kibao cha namba, ndani ya sanduku la zana. Analowesha msasa laini, namba 600 kisha 1200, anasugua kwa kidole kimoja kwenye doa lisilozidi sarafu. Maji ni lazima. Rangi za zamani zina risasi, na vumbi lake halitakiwi kufika kifuani.

Tabaka zikifunguka taratibu, kingo zake hujitokeza kama pete, moja ndani ya nyingine. Pete ya nje ni ya uraiani, labda buluu ya gereji fulani. Chini yake, kama lori lilibaki kazini baada ya 1945, kuna kijani kizito cha kung'aa. Halafu zeituni, ile SCC 15 iliyoanza kutumika Aprili 1944 ili magari ya Waingereza yafanane na ya Wamarekani. Halafu kahawia, SCC 2, iliyoshika nafasi miaka ya katikati ya vita kwa sababu oksidi ya kromiamu, malighafi ya rangi ya kijani, ilikuwa adimu. Chini kabisa, kwa malori ya mwanzo, kuna kijani cha kaki. Ukifika kwenye praima, acha kusugua. Lori lisilo na kahawia mahali popote huenda lilitoka Luton mwishoni mwa vita, na hapo ndoto ya kulipeleka kwenye maonyesho kama lori la Dunkirk inabidi iachwe.

Hapo pia ndipo namba hupatikana. Jeshi liliandika namba ya sensa kwa brashi pande zote mbili za boneti, na malori madogo ya daraja hili yalipewa herufi Z, wakati makubwa yalipewa L. Rangi ya namba ina unene, kwa hiyo taa ikiwekwa ubavuni, karibu na bati, kingo za tarakimu huonekana hata chini ya tabaka nyingine tatu. Wengine hupiga picha, wengine hunakili kwa karatasi ya kuchorea. Njia yoyote ni sawa, ilimradi ifanyike kabla ya mtu kuleta mashine ya kupuliza mchanga. Nimeona picha za malori yaliyopulizwa hadi chuma cheupe ndani ya mchana mmoja, yanang'aa, na mwenye lori akiuliza lilikuwa la kikosi gani. Jibu lilikuwa limefagiliwa sakafuni.

Uamuzi unaofuata ni wa mwaka, na hauwezi kuahirishwa. MW ya mwanzo haina milango. Dereva anakaa nyuma ya vioo viwili vidogo vya kukinga upepo na kipande cha turubai, anapigwa na mvua ya Uingereza sawasawa na mzigo wake. Ya mwisho ina kioo kamili cha mbele na vikinga vya pembeni. Bati la kabini, turubai, vishikio, hata mahali pa matobo hutofautiana. Mtu asiyeamua hununua vipuri vya miaka miwili tofauti na kujikuta na lori ambalo halikupata kuwepo.

Kufungua lori lenyewe ni kazi ya mifuko, lebo na picha. Fundi wa Gerezani au wa Gikomba ataona huo ni uzembe wa kupoteza wakati, maana yeye anafungua na kufunga siku hiyohiyo na kichwa chake kinabeba kila kitu. Hapa kati ya kufungua na kufunga inaweza kupita miaka. Nati zina ugomvi wake. Spana za Whitworth zimeandikwa kipenyo cha bolti badala ya upana wa kichwa cha nati, kwa hiyo namba iliyo kwenye spana haimsaidii mtu aliyezoea milimita. Nyuzi za Whitworth zina pembe ya digrii 55, za Kimarekani na za metriki 60, na kwenye gari la zamani la Waingereza lililopita mikononi mwa wakulima usishangae kukuta aina zaidi ya moja. Kila nati ijaribiwe kwa vidole kwanza. Ikigoma baada ya mizunguko miwili, si yake.

Chasisi haina mengi. Ni chuma kizito, imefungwa kwa riveti, na kutu yake mara nyingi ni ya juu tu. Inaoshwa, inakwanguliwa, inapelekwa kwa mwenye mtambo wa kupuliza, inarudi na praima. Nguvu itunzwe kwa ajili ya injini.

Injini iliyokaa banda la ng'ombe tangu zamani haizunguki, na kishawishi cha kwanza cha kila jirani ni kulifunga lori kamba na kulivuta likiwa kwenye gia. Kufanya hivyo ni kuvunja ringi za pistoni kwa makusudi, au kupinda kitu kirefu zaidi. Kwanza kifuniko cha valvu kinatolewa. Valvu za MW ziko juu na zinasukumwa na vijiti kutoka chini. Valvu moja ikiwa imeganda wazi, kijiti kinapinda au pistoni inaigonga mara krenki inapozunguka. Kila valvu inagongwa kidogo kwa nyundo ya mbao ili kuona kama inarudi. Kisha plagi zote sita zinatolewa, na kila silinda inamiminiwa mchanganyiko wa oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Milango iwe wazi na asiwepo mvuta sigara, maana asetoni inawaka kwa mbali. Halafu mtu anakwenda kufanya kazi nyingine. Kila siku anaongeza kidogo, anajaribu hendeli kwa uzito wa mkono mmoja, mbele na nyuma, bila kulazimisha. Siku moja krenki inasogea upana wa kidole. Hiyo ndiyo kazi ambayo karakana ya kulipia kwa saa haiwezi kuifanya bila kumfilisi mteja.

Ikishazunguka, silinda hedi inatolewa hata kama injini inaonekana iko tayari kuwaka. Kucha ya kidole gumba ikipitishwa juu ya ukuta wa silinda, karibu na ukingo, itakwama mahali ambapo ringi ya juu huishia. Kama kikwazo hicho ni kikubwa, silinda imeliwa, na hapo bloki inakwenda kwa mwenye mashine ya kuchonga, pamoja na krenki. Sampu nayo inashuka. Oili za zamani hazikuwa na sabuni ndani yake, kwa hiyo uchafu wote ulitulia chini kama tope jeusi. Ukimimina oili ya kisasa juu ya tope hilo, litafumuka na kuziba njia za oili zinazolisha beringi.

Kasoro ninayoihofia zaidi kwenye injini hizi iko upande wa maji. Mkulima aliyesahau kumwaga maji usiku mmoja wa Januari aliacha barafu ipanuke ndani ya bloki, na ufa ukapita ubavuni, mara nyingi ukafichwa na rangi na masizi. Vizibo vya bloki vinatolewa, matope ya kutu yanachokonolewa kwa waya hadi maji yapite masafi, ndipo ufa unapoonekana. Kuchomelea chuma cha kusubu bila kukipasha moto chote kwanza ni kualika ufa wa pili pembeni ya ule wa kwanza. Njia inayofaa ni kushona: matobo yanatobolewa kukatisha ufa, vipande vya chuma vinapigiliwa humo bila moto, kisha ufa wenyewe unajazwa kwa skrubu zinazopandiana. Ni kazi ya mtaalamu, inalipiwa, na haina aibu yoyote.

Breki ni za maji, na hazina mjadala: kila raba, kila paipu, kila hozi ibadilishwe. Silinda za magurudumu zilizoliwa na kutu ndani zinachongwa na kuvishwa sliv ya chuma kisichoshika kutu au ya shaba nyeupe. Vumbi lililomo ndani ya dramu lisipulizwe kwa hewa ya kompresa hata kwa dakika moja, kwa sababu bitana za breki za enzi zile zilikuwa na asbesto. Zinaloweshwa, zinafutwa, na matambara yanafungwa kwenye mfuko. Suala la oili gani ya breki itumike huwagawa watu. Ya silikoni haivuti unyevu na haiharibu rangi, na kwa lori litakalolala bandani majira yote ya baridi naiona bora. Sharti lake ni moja: isichanganywe na ya kawaida, hata tone lililobaki kwenye paipu ya zamani.

Magurudumu yanataka maneno zaidi, maana hapa ndipo watu hufa. Rimu ya kijeshi ya Waingereza ni ya vipande viwili vilivyobanwa pamoja kwa bolti. Ukilitazama gurudumu kutoka nje unaona duara mbili za nati. Za ndani zinashika gurudumu kwenye habu. Za nje zinashika vile vipande viwili vya rimu, huku tairi lililojaa upepo likivisukuma vitengane. Mtu anayetaka kubadilisha gurudumu, akikosea duara na kulegeza nati za nje, anaachia nguvu yote ya upepo mara moja, na kipande cha chuma kinamjia usoni. Ndiyo maana jeshi lilizipaka nati hizo rangi nyekundu. Sasa fikiria lori lililopakwa buluu na mwenye gereji, kisha nyekundu na mkulima, kisha zeituni na mpenzi wa maonyesho anayetaka kila kitu kilingane: onyo limekwisha kufutika.

Utaratibu ni huu. Gurudumu likiwa bado kwenye lori au limelala sakafuni, moyo wa valvu unatolewa na upepo unaachwa uishe wenyewe. Kisha waya mwembamba unapitishwa ndani ya valvu, kwa sababu kutu na vipande vya raba huziba tobo na kukudanganya kwamba tairi ni tupu. Baada ya hapo tu ndipo nati za nje zinaguswa, moja baada ya nyingine kwa mkabala, kila moja kidogo kidogo. Bolti zilizoliwa na kutu zinatupwa. Wakati wa kujaza upepo, gurudumu linawekwa ndani ya kizimba cha chuma, hozi iwe ndefu, na mtu asimame pembeni. Nati za nje zirudishiwe nyekundu yake, hata kama picha ya mwaka unaouiga haionyeshi hivyo. Katika jambo hili usahihi wa historia unaweza kungoja.

Nyaya za umeme za asili zilikuwa na raba ndani na uzi wa pamba nje. Raba hiyo sasa inavunjika ukiigusa. Wapo wanaosuka seti mpya zenye plastiki ndani na pamba nje, na jicho haligundui. Upande wa petroli, tatizo jipya ni la juzi: tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza ina ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli inalainisha hozi na diaframu za zamani. Raba zote za njia ya petroli zibadilishwe kwa zile zinazoihimili. Kukosekana kwa risasi kwenye petroli ya leo kunawatisha watu kupita kiasi. Injini hii ina mgandamizo mdogo, inazunguka polepole, na ilibuniwa kumeza petroli duni ya wakati wa vita.

Rangi ni mahali ambapo malori mengi mazuri huharibika mwishoni. Mtu ametumia miaka kwenye chuma, kisha anakodi chumba cha kupulizia na kulitoa lori liking'aa. Rangi ya kificho ilikuwa mati, haikurudisha mwanga, na kikosi kilipoamriwa kubadilisha rangi askari walishika brashi. Alama za brashi kwenye bati la nyuma si uzembe. Tena kuna vitu vidogo ambavyo mtazamaji wa kawaida hatavielewa na ambavyo kwangu vinapima kama mwenye lori amesoma: doa la rangi ya manjano-kijani kwenye boneti, lililokusudiwa kugeuka nyekundu likiguswa na matone ya gesi ya sumu; kasha la difu ya nyuma lililopakwa nyeupe, na taa ndogo iliyofichwa chini ya bodi ikilimulika, ili dereva wa nyuma katika msafara wa usiku usio na taa aone cha kufuata.

Kuna suala moja nisilolipenda. Mabati mapya ya mikataba, vile vibao vya utambulisho wa lori, yanauzwa, na wapo wanaogonga namba juu yake ili lori lisilo na nasaba lipate nasaba. Bati tupu lililo wazi kwamba ni jipya halimdhuru mtu. Namba ya kubuni inamdhuru kila atakayelichunguza lori hilo baadaye, pamoja na yule mwenye lori la kweli lenye namba hiyo.

Kuliendesha ni somo lake. Giaboksi haina kitu cha kusawazisha kasi ya meno, kwa hiyo klachi inakanyagwa mara mbili: kutoa gia, kuachia, kukanyaga tena na kuingiza. Wakati wa kushuka gia, mafuta yanakanyagwa katikati ya hatua hizo mbili ili kasi zilingane. Madereva wa kikosi cha uchukuzi cha jeshi la Afrika Mashariki, waliofika hadi Burma, walijifunza mtindo huo na kurudi nao nyumbani, na wapo waliowafundisha matingo wao. Asiyeujua atasikia meno yakisaga. Baada ya safari fupi ya kwanza dramu zinapimwa kwa mkono, maana moja ikiwa ya moto kuliko nyingine breki yake inashika. Injini ikishapoa, bolti za silinda hedi zinakazwa upya kwa mpangilio wa kitabu.

Kisheria, gari la zaidi ya miaka 40 lisilobadilishwa sana halidaiwi kodi ya barabara Uingereza, na tangu Mei 2018 halilazimiki kupelekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Mimi ningelipeleka vilevile. Kituo cha ukaguzi kina rola za kupimia breki, na zinaonyesha kwa namba gurudumu la kulia linashika kiasi gani kuliko la kushoto. Hakuna kifaa cha namna hiyo nyuma ya nyumba, na ada yake ni ndogo.